Nchi zenye ardhi ndogo kuliko zote duniani: iliyochimbwa, iliyojaza bahari na iliyokataa kuongezewa

Bikoni Nne (#1)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Mwaka wa 16 huu natembea na mashine begani, nasimika bikoni (nguzo za kuonyesha mpaka), naamulia ndugu wa tumbo moja wanaogombea hatua mbili za mpaka. Kwa hiyo mtu akinitajia nchi ndogo, akili yangu haiendi kwenye bendera. Inakwenda kwenye ekari: ziko ngapi, zimekaaje, na nani mwenye kauli juu yake.

Wiki iliyopita mvua ilitufungia kambini siku tatu. Nikakaa na daftari, nikazipima nchi hizo kwa vipimo vyetu vya nyumbani. Naleta nilichopata.

Ndogo kuliko zote ni Vatikani, hekta 44, yaani ekari 109. Kuna wazee wa kawaida kabisa huku Morogoro wenye mashamba yanayopita hapo. Inafuata Monako, kilomita za mraba 2.08, sawa na ekari 514. Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina ekari 1,625, kwa hiyo Monako inaingia mara tatu na nafasi inabaki. Kisha Nauru, kilomita za mraba 21. Tuvalu, 26. San Marino, 61. Jumlisha zote tano unapata kilomita za mraba 110 na ushee. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ina 117. Nchi tano kamili, kila moja na sheria zake, zinaenea ndani ya hifadhi moja ambayo ukiwa ndani yake unayaona maghorofa ya mjini.

Baada ya hizo kuna Liechtenstein (160), Visiwa vya Marshall (181), Saint Kitts na Nevis (261, karibu sawasawa na sakafu ya kreta ya Ngorongoro), Maldivi (kama 300) na Malta (316). Hizo ndizo kumi.

Lakini namba hizi zina upungufu ambao sisi wapimaji tunaujua. Ramani ya kiwanja inaonyesha urefu na upana. Haionyeshi kina. Ukichimba kiwanja chako chote ukauza udongo, hati yako itaendelea kusoma eneo lilelile. Na ipo nchi nzima iliyopatwa na hilo. Ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Nauru ni kisiwa kimoja katika Pasifiki, kama kilomita 55 kusini mwa ikweta. Barabara inayokizunguka ina kilomita 19 hivi, unaimaliza kwa pikipiki kabla chai haijapoa. Watu wake ni kama 12,000, wengi wao wanakaa kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Hakina mji mkuu rasmi, ofisi za serikali ziko wilaya ya Yaren. Wajerumani walikitwaa mwaka 1888, enzi zilezile walipokuwa wanaitwaa Tanganyika.

Mwaka 1899, katika ofisi ya kampuni moja mjini Sydney, kulikuwa na jiwe lililoletwa kutoka Nauru. Lilikuwa linazuilia mlango usijifunge. Watu wakidhani ni gogo la kale lililogeuka jiwe. Mfanyakazi mmoja, Albert Ellis, akalitilia shaka, akalipima. Likakutwa ni fosfeti ya daraja la juu kabisa, malighafi ya mbolea, kitu ambacho mashamba ya Australia na Nyuzilandi yalikuwa yanakihitaji kuliko dhahabu.

Kila nikifika hapa huwa nasimama. Utajiri wote wa kisiwa, na msiba wake wote, ulikuwa umelala mlangoni pa ofisi ya watu wengine.

Uchimbaji ukaanza 1906. Wenye ardhi walilipwa nusu peni kwa tani. Mwaka 1914 Waaustralia wakakiteka kisiwa kutoka kwa Wajerumani. Baada ya vita, Shirikisho la Mataifa likafanya na Nauru kama lilivyofanya na Tanganyika: likaiweka chini ya udhamini. Sisi tukapewa Mwingereza. Nauru wakapewa watatu kwa pamoja, Uingereza, Australia na Nyuzilandi, na hao watatu wakaunda tume yao ya fosfeti, ikawa inachimba na kuwapelekea wakulima wao kwa bei ya chini kuliko ya soko. Mlezi na mnunuzi alikuwa mtu mmoja.

Vita ya Pili, Wajapani wakaingia 1942, wakawahamisha Wanauru 1,200 kwenda visiwa vya Truk. Njaa na maradhi yakawamaliza. Waliorudi tarehe 31 Januari 1946 hawakufika 800. Tarehe hiyo wakaitunza moyoni, na walipopata uhuru mwaka 1968 wakachagua siku ileile, 31 Januari.

Kabla ya uhuru kuna jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Wadhamini walishaona kisiwa kinakwisha, wakapendekeza kuwahamishia watu wote kwenye Kisiwa cha Curtis, pwani ya Queensland. Eneo kubwa, udongo mzuri. Wanauru wakakataa mwaka 1964, kwa sababu huko wangekuwa raia wa Australia tu, siyo taifa. Waliambiwa wachague kati ya ardhi kubwa isiyo yao na ndogo iliyochimbwa iliyo yao. Wakachagua ndogo.

Rais wao wa kwanza, Hammer DeRoburt, akanunua mitambo ya tume ile kwa dola milioni 21 za Australia. Fedha zikaanza kuingia kweli. Miaka ya 70 na 80 Nauru ilikuwa miongoni mwa nchi tajiri duniani ukigawa pato kwa kila kichwa. Wakajenga jengo la ghorofa 52 Melbourne, wakaanzisha shirika la ndege. Kisha fosfeti ikapungua, uwekezaji mwingi ukaenda vibaya, na mwaka 2004 lile jengo likauzwa kulipa madeni.

Na kisiwa? Asilimia kama 80 kimechimbwa. Fosfeti ilikuwa imejaa katikati ya minara ya matumbawe ya kale. Walipoichota, minara ikabaki imesimama kwa maelfu, ya kijivu, mirefu kupita kimo cha mtu mara kadhaa, na kati yake mashimo ambayo hata mbuzi anapita kwa shida. Hapalimiki, hapajengeki.

Ukiipima Nauru leo kwa mashine yangu utapata kilomita za mraba 21. Zilezile za mwaka 1900.

Karibuni tuchangie. Za Monako na San Marino ninazo pia, nitaziweka.

Kitwana77 (#2)

Mkuu hii shule. Ila Afrika mbona hujaigusa? Sisi darasani tuliambiwa nchi ndogo kuliko zote Afrika ni Gambia.

Bikoni Nne (#3)

Kitwana, Gambia ni ndogo kuliko zote kwa Afrika bara, kilomita za mraba elfu 11 na kidogo. Ukihesabu na visiwa, ndogo kabisa ni Shelisheli, visiwa 115, na vyote ukiviunganisha ni kama 455 tu. Inafuata São Tomé na Príncipe, kama 1,000. Kisha Komoro, kisha Morisi.

Shelisheli ina historia nzito na watu wa huku kwetu. Mwingereza aliifanya gereza la wafalme. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko baada ya kukamatwa 1899. Mwanga akafia hukohuko 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923 akiwa mzee, akafia Jinja, hakuiona tena ikulu yake.

Binti Donge (#4)

Asalaam aleikum. Na Sayyid Khalid bin Barghash msimsahau. Yule aliyepigiwa mizinga Unguja Agosti 1896, vita vya dakika kama 40. Alikimbilia kwa Wajerumani Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata 1916, naye akapelekwa uhamishoni, Saint Helena na Shelisheli. Amefariki Mombasa 1927.

Na kwa kuwa kaka Bikoni anasema habari za ukubwa: Unguja na Pemba ukiziunganisha zinazidi kilomita za mraba 2,400. Ni kubwa kuliko Komoro na kubwa kuliko Morisi. Na Zanzibar ilishakaa Umoja wa Mataifa kwa kiti chake, iliingia tarehe 16 Disemba 1963 siku moja na Kenya, hadi Muungano wa Aprili 1964. Nalisema kama historia, sitaki tugeuze uzi.

Bikoni Nne (#5)

Dada Binti Donge, wa aleikum salaam. Nashukuru sana, hilo la kiti nilikuwa nalisahau. Na siku ileile nchi mbili, moja zaidi ya kilomita za mraba laki 5, nyingine elfu 2 na ushee, kila moja kura moja.

Mkulima wa Magugu (#6)

Ndugu mpimaji, umenigusa pale kwenye fosfeti, maana mimi niko jirani na machimbo ya Minjingu. Ile fosfeti yetu wataalamu wanasema ni mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale, lililokuwa kubwa kuliko Manyara ya leo.

Kwa wasiolima: mahindi yakikosa fosforasi, kirutubisho kinachotoka kwenye fosfeti, utayajua mapema. Yakifika kimo cha goti majani yanaanza kugeuka zambarau ukingoni, mmea unadumaa, mizizi inakuwa mifupi. Mwaka 2019 nililima ekari mbili bila mbolea ya kupandia kwa kubana matumizi. Nilisimama mwanzo wa shamba nikaona zambarau hadi mwisho wa mistari. Nilivuna gunia sita. Msimu uliofuata nikaweka mbolea kwenye kila shimo, kizibo kimoja cha soda, nikapata 31.

Kwa hiyo naielewa njaa ya wale wakulima wa Australia. Udongo wao ni wa kale na hauna fosforasi. Ila sikuwahi kuwaza kwamba kizibo kimoja shambani kwa mtu ni tundu kisiwani kwa mwingine.

Swali langu: Nauru waliwahi kulipwa fidia?

Bikoni Nne (#7)

Mzee wangu wa Magugu, ndiyo. Mwaka 1989 Nauru waliishtaki Australia kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Hoja yao ilikuwa rahisi: mlikuwa wadhamini wetu, mkaharibu kile mlichokabidhiwa kukitunza. Australia ikapinga kwamba mahakama haina mamlaka, mwaka 1992 mahakama ikasema inayo. Mwaka uliofuata wakamalizana nje, dola milioni 107 za Australia, na Uingereza na Nyuzilandi zikachangia sehemu yake.

Ni fedha. Lakini udongo haurudi kwa hundi.

Pete ya Rongai (#8)

Wakuu, mimi niko upande wa Nairobi, na sitaki Monako ipite hivihivi, maana kwetu watu wa riadha ni nchi ya nyumbani. Makao ya shirikisho la riadha la dunia yako pale. Na tarehe 21 Julai 2023 Faith Kipyegon aliweka rekodi ya dunia ya maili pale pale, dakika 4:07.64. Nilikuwa macho hadi usiku nikiangalia. Mizunguko miwili ya kwanza nilikuwa nimekaa, wa tatu nikasimama, wa mwisho jirani alinigongea ukuta. Na mwaka 2020, Agosti 14, Joshua Cheptegei wa Uganda alivunja rekodi ya mita 5,000 uwanja huohuo, 12:35.36.

Ninachotaka kujua kwako mpimaji: nchi ya kilomita mbili inapataje nafasi ya uwanja wa mpira na riadha?

Bikoni Nne (#9)

Ndugu Pete, hapo umenipa kazi ninayoipenda.

Uwanja ule unaitwa Louis II na uko mtaa wa Fontvieille. Karibu Fontvieille yote ilikuwa bahari. Mwanamfalme Rainier III aliamua nchi isipoweza kupanuka kwa majirani ipanuke kwa maji, na miaka ya 70 wakashusha mawe na kifusi, wakajaza mtaa mzima. Uwanja ukafunguliwa 1985, na kwa kubana ardhi wameujenga juu ya maegesho ya magari. Kwa hiyo Kipyegon na Cheptegei walikimbia juu ya paa la gereji, juu ya kilichokuwa mawimbi. Mpimaji wa miaka ya 60 pale angeandika "bahari".

Hawajaacha. Mwaka 2024 mwishoni wamezindua mtaa mwingine wa kujaza bahari, Mareterra, hekta 6. Ndiyo maana vitabu vya zamani vinasoma 2.02 na vya sasa 2.08. Nchi imekua kwa asilimia tatu na hakuna jirani aliyelalamika.

Sababu yake iko nyuma. Monako haikuwa ndogo hivi. Mwaka 1861 iliachia miji ya Menton na Roquebrune kwa Ufaransa, ikapoteza kama asilimia 95 ya ardhi yake, pamoja na mashamba ya ndimu na mizeituni yaliyokuwa yanaiingizia kodi. Ikabaki na mwamba na bandari. Miaka miwili baadaye kasino ikafunguliwa, na 1869 wakafuta kodi ya mapato kwa raia. Watu wanaiona Monako kama nchi iliyozaliwa na fedha. Mimi naiona kama familia iliyonyang'anywa shamba ikafungua duka.

Na San Marino nayo niiweke hapa kabla sijasahau, maana ni kinyume kabisa. Iko juu ya mlima Titano, imezungukwa na Italia pande zote. Mwaka 1797 Napoleon alipokuwa anapita Italia akizoa falme, aliipenda, akaipa ofa ya kuiongezea ardhi hadi baharini. Kiongozi wao Antonio Onofri akashukuru na kukataa. Aliona ardhi ya kupewa na mshindi wa leo itadaiwa na mshindi wa kesho. Napoleon akaanguka, wafalme wakarudi kuchukua vyao, na San Marino haikuwa na cha mtu. Mpaka wao ni uleule wa mwaka 1463.

Katika kazi hii nimeona mipaka mingi. Mpaka wa miaka 560 bila kesi sijauona.

Omwana wa Bukoba (#10)

Kwenye Vatikani nanyi mmepita haraka. Ile nchi imezaliwa kwa mkataba wa Lateran wa tarehe 11 Februari 1929 kati ya Kanisa na Italia. Kabla ya hapo, kwa karibu miaka 60 baada ya majeshi ya Italia kuitwaa Roma mwaka 1870, mapapa walikaa ndani bila kutoka wala kuitambua serikali ya Italia. Hekta 44 zilitosha kumaliza ugomvi huo.

Na bustani na shamba la Papa kule Castel Gandolfo, nje ya Roma, kwa pamoja ni hekta 55. Shamba ni kubwa kuliko nchi.

Uraia wake haurithiwi kwa damu. Unaupata kwa kazi, kazi ikiisha nao unaondoka. Sisi Wahaya tuna fahari yetu pale: Laurean Rugambwa, wa kwetu Bukoba, alifanywa kardinali 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi. Akapiga kura kumchagua papa 1963 na mara mbili mwaka 1978. Bibi yangu alitunza picha yake ukutani, karatasi imegeuka rangi ya chai, na kila akifagia sebule aliifuta vumbi kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Niko Msida (#11)

Mimi nafanya kazi jikoni, Malta, namba kumi kwenye orodha ya mpimaji. Wiki ya kwanza mpishi mkuu alikuwa anahesabu sahani kwa Kimalta. Nikasikia "sitta, sebgħa". Nikageuka. Akafika "disgħa", nikamjibu tisa. Lugha yao ina asili ya Kiarabu ila wanaiandika kwa herufi za Kilatini. Kitabu ni "ktieb", dunia ni "dinja". Nipo mbali na nyumbani, lakini namba zile zilinipa usingizi usiku ule.

Kuhusu ardhi: hapa nchi nzima unaivuka kwa basi. Mashamba ni vipande vidogo vyenye kuta za mawe yasiyo na saruji, na ukuta ukianguka wanaujenga jiwe kwa jiwe, udongo usiteremke na mvua. Nimeona mzee anazoa udongo ulioanguka barabarani kwa koleo anaurudisha ndani.

Wakili Mtarajiwa (#12)

Wakuu, mimi nasoma sheria na nilitegemea mtu aitaje Tuvalu. Mpimaji ametuonyesha nchi iliyochimbwa na nchi iliyojaza bahari. Tuvalu ni nchi inayojazwa na bahari.

Visiwa tisa, kilomita za mraba 26, mahali pa juu kabisa pana kama mita 4 na nusu tu. Kisiwa kikuu, Fongafale, ni utepe. Mahali pengine ukisimama barabarani unaona bahari kulia na maji ya ndani kushoto. Uwanja wa ndege walijenga Wamarekani wakati wa Vita ya Pili, na kwa kuwa hakuna eneo jingine pana, jioni ndipo watu wanapocheza mpira na kupunga upepo. Ndege ikikaribia king'ora kinalia, watu wanatoka. Ule uwanja uliacha mashimo pia: walichimba udongo wa kuujenga kando yake, na mashimo yale yalikaa na maji na takataka miaka 70, hadi yalipofukiwa 2015.

Wana eneo la bahari linalozidi kilomita za mraba laki 7, la uvuvi wa jodari. Na wana herufi mbili za anwani ya mtandao, .tv, zinazopendwa na vituo vya televisheni duniani kote. Fedha za herufi hizo ndizo zilizowawezesha kulipia uanachama wa Umoja wa Mataifa mwaka 2000.

Upande wa sheria ndio unaonikosesha usingizi. Tumezoea kufundishwa kwamba dola ni watu, eneo, serikali na uwezo wa kuhusiana na wengine. Eneo likizama? Mwaka 2023 Tuvalu walibadili katiba yao, wakaandika kwamba dola yao itaendelea kuwepo milele hata ardhi ikipotea. Mwaka huohuo wakasaini mkataba na Australia, unaochukua watu hadi 280 kila mwaka kwenda kuishi huko. Nchi nzima ina watu kama elfu 10 au 11. Fanyeni hesabu wenyewe.

Mkulima wa Magugu (#13)

Kijana, umenitoa machozi. Miaka 40 hivi.

Binti Donge (#14)

Kaka Bikoni, nimeisoma Nauru mara tatu. Nataka kuuliza jambo la kwetu nyumbani.

Bibi yetu alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi, huku Kaskazini Unguja. Palikuwa na minazi, miembe miwili na muhogo. Alipofariki shamba likawa la watoto na wajukuu, tuko wengi. Miaka michache nyuma wakubwa wakakubali kuuza mchanga kwenye kona ya bondeni. Magari yakawa yanakuja alfajiri. Fedha zilipita kama upepo, harusi moja na bati za nyumba mbili. Shimo limebaki. Masika linajaa maji, wanetu tunawakataza kulisogelea, na minazi mitatu ya ukingoni imeshainama kwa sababu mizizi haina cha kushika.

Sasa kuna mtu amekuja anataka kona ya pili. Anasema hati haiguswi, eka zenu tatu zinabaki tatu. Niliposoma pale ulipoandika kwamba ramani haionyeshi kina, nikamwona yule mtu.

Nauru wanaweza kurudisha? Mtu akishachimba anaweza kufukia ikawa kama zamani?

Bikoni Nne (#15)

Dada yangu, nakujibu nikijua ni shamba la bibi yako.

Nauru wamejaribu. Wamekata minara na kusawazisha, lakini sehemu ndogo, kwa gharama kubwa na kwa miaka mingi, maana udongo wenyewe uliondoka kwa meli. Sasa wana mpango wa kuhamisha watu wengi kutoka pwani kwenda juu kule kulikochimbwa, kwa kuwa bahari inapanda na ukanda wa pwani hautakuwa salama. Inabidi wairudie ardhi ileile iliyoharibiwa, waitengeneze upya ikalike, kwa sababu hawana nyingine. Ndiyo sehemu ya juu pekee waliyonayo.

Kwa upande wenu: yule bwana hakudanganya kuhusu hati. Eka zitabaki tatu kwenye karatasi. Kabla ya kikao chenu cha familia, nakuomba ufanye kitu kimoja. Nenda kwenye shimo la kwanza ulipime. Urefu kwa hatua, upana kwa hatua, na kina kwa mti mrefu wowote. Kisha zidisha, utapata ni gari ngapi zimetoka, na ugawanye fedha mlizopata kwa gari. Usiende kikaoni na maneno, nenda na namba. Ukikwama kwenye hesabu niandikie hapa hapa, nitakufanyia.

Binti Donge (#16)

Nimekwenda leo asubuhi na mdogo wangu, kabla jua halijawa kali. Urefu hatua 38, upana 25. Kina tumekipima kwa upembo wa bibi wa kuangulia maembe, ule mrefu wa mianzi. Tumeuzamisha wote, mkono wa mdogo wangu ukaingia majini hadi kwenye kwapa. Haukugusa chini.